Nilivyolisugua Jua kwa Majivu

Nilianza kazi mwaka ule tuliokula michembe asubuhi, michembe mchana, na usiku tukaota ugali. Mvua ilikuwa imekataa, mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini, na Igoma yote ilinuka viazi vikavu vilivyochemshwa. Aliyekuwa na karanga za kuchanganyia alijiona mbunge. Mwaka wenyewe kwa tarakimu mtautafuta nyie wenye vyeti. Mimi naukumbuka kwa tumbo, na tumbo langu halijawahi kukosea tarehe.

Nawaandikia nyie mliobaki pale kituoni, mnaobeba darubini kwenda mashuleni kuwaonyesha watoto mbinguni kuna nini. Yustina ndiye aliyeniletea daftari. Yustina ni yule binti wa chuo kikuu aliyeshika nafasi yangu. Akaniambia, "Bibi, andika kumbukumbu zako, sisi vijana tujifunze." Nikamwuliza, mnataka kujifunza au mnataka nipate shughuli niache kuwapigia simu? Akacheka. Mimi niliishia darasa la nne, na mwandiko wangu ni kama kuku amepita kwenye unga. Mtavumilia. Vyeo sitavisimulia kwa sababu nilikuwa na kimoja tu, na mshahara tuuache ulale. Nataka kusema habari ya jani, kwa sababu nimeiona karatasi yenu ya utaratibu mpya. Ina mistari tisa, nimeisoma yote kwa kidole, na jani halimo.

Basi tuanze mwanzo.

Kituo kilikuwa nyumba ya bati jekundu upande wa Mkolani, yenye chumba kimoja cha ofisi, stoo, na jiko la nje. Walitaka mtu wa kupika, kufua na kufuta vumbi. Aliyenihoji alikuwa Mwalimu Bundala, mzee mrefu, mkavu, aliyefundisha fizikia mpaka serikali ikamwambia apumzike, akakataa kupumzika. Alikuwa anavuta ugoro na kupiga chafya katikati ya sentensi, kisha anaendelea na sentensi ileile.

"Mama, unaitwaje?"

"Mama Kabula."

"Unajua nini kuhusu anga, Mama Kabula?"

"Najua linanyima mvua."

Akapiga chafya. "Umepata kazi," akasema.

Wiki ya kwanza nilifuta vumbi kama mtu anayelipiza kisasi. Mimi nimelelewa na mama aliyekuwa akikagua sufuria kwa kujitazama uso. Usipojiona, unarudi kisimani. Darubini yenyewe sikuiogopa. Ni bomba jeupe lenye miguu mitatu, nikalifuta kama ninavyofuta mtoto. Ila ndani ya boksi lake nikakuta kioo cha duara, ukubwa wa kisahani cha chai, kimezungushiwa pete nyeusi. Upande mmoja kinang'aa kama kioo cha kujitazamia. Nikakiinua dirishani nione ng'ambo, sioni kitu. Giza tupu.

Sasa wewe niambie. Kwangu mimi kioo kisichoonyesha ng'ambo ni chemni ya taa iliyojaa masizi, na masizi ndiyo elimu yangu ya juu. Nikachota majivu ya kuni, nikayalowesha, nikachukua dodoki, nikakisugua kile kioo. Uchafu ulitoka kama ulikuwa unanisubiri. Nilipomaliza, nikakiinua tena dirishani nikaona mti, nikaona bati la jirani, nikaona jirani mwenyewe anajikuna. Nikakirudisha kwenye boksi kwa majivuno makubwa. Nikasema moyoni, hawa wasomi walikuwa wanachungulia na uchafu wote huu?

Kesho yake tukaenda shule moja ya msingi hukohuko Mkolani. Mwalimu Bundala alinichukua nikamshikie mwavuli. Watoto walipanga mstari kuanzia darubini mpaka vyooni, jua liko utosini, kila mmoja ana hamu ya kuliona jua lilivyo. Mwalimu akafunga kile kioo changu kisafi mbele ya bomba, akaligeuzia juani. Kisha akafanya kitu nilichokiona cha kipuuzi. Akatoa kopo lake la ugoro mfukoni mwa shati. Kumbe lilikuwa la pili, halina ugoro, lina vipande vya jani kavu la mgomba, vimekatwa ukubwa wa kiberiti. Akachukua kipande kimoja, akawapa watoto mgongo, akakishika pale nyuma ya darubini, mahali jicho linapokaa.

Akaanza kuhesabu, hakufika hata tatu. Jani likatoa moshi, likatoboka, akalitupa chini.

Hakupiga kelele. Aliziba darubini, akafungua kile kioo, akakiinua mbele ya uso wake akanitazama kupitia humo.

"Mama Kabula."

"Abee, Mwalimu."

"Naona uso wako."

"Asante, Mwalimu."

"Sikutakiwa kuuona. Umekisugua kwa nini?"

"Kwa majivu."

"Na dodoki?"

"Na dodoki."

Akawaambia watoto kwamba leo jua limechoka, waende darasani. Mimi nikaanza kufungua kanga kiunoni nikijua nafunga mizigo. Lakini akanikalisha kwenye kivuli cha ukuta, akanieleza. Lile giza halikuwa uchafu, lilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Kioo kile kinaitwa kichujio, kimepakwa utando mwembamba wa madini unaozuia jua karibu lote na kuachia punje. Na majivu yakilowa yanakula madini yale kama yanavyokula sufuria ya alumini ukiyaacha yalale humo. "Umelisugua jua mpaka ukaliachia lote," akasema.

Nikasema, "Basi nifukuze, Mwalimu."

Akasema, "Funga mdomo, simama hapo mbele."

Akaziba jicho la kushoto kwa kiganja, akanitazama na la kulia.

"Naona masikio yako mawili. Naona kilemba. Naona ukuta. Uso huna."

Nikadhani ni matani. Hayakuwa matani. Akiwa kijana chuo cha ualimu, mtu aliwaletea darubini akawaambia kichujio kizima, chungulieni jua. "Nilikuwa wa kwanza darasani," akasema, "nikawa wa kwanza kwenye mstari." Tangu siku hiyo jicho lile lina doa katikati, na katikati ndipo penye maneno ya kusoma na nyuso za watu. "Na haliumi, Mama Kabula. Ubaya wake ndio huo. Mkono ukiungua unapiga kelele. Jicho likiungua linanyamaza, unakwenda nyumbani unacheka, asubuhi unamtafuta mke wako uso huuoni."

Akapiga chafya. "Ingawa miaka mingine ilikuwa nafuu," akaongeza.

Siku ile alinifundisha jani, na ninawafundisha nyie hivihivi alivyonifundisha. Kwanza unakikagua kichujio chenyewe, kila mara, hata kama ulikikagua jana: mikwaruzo, vitundu, kimelegea kwenye pete au hakijalegea. Kikiwa na shaka, siku imeisha, mkapige hadithi. Kikiwa kizima, unakifunga, unaelekeza juani, unasimama wewe kati ya darubini na watu, mgongo wako kwao, jani mahali pa jicho. Unahesabu arobaini. Arobaini zenyewe ni za kusonga ugali, mwiko mmoja hesabu moja, usinihesabie za mtu anayekimbizwa na mbwa. Jani likitoa moshi, likikunjika, likibadilika rangi, ni hapana. Likitulia mpaka arobaini, unaligusisha mdomo wa juu. Likiwa na joto, ni hapana vilevile. Jani haliwezi kukuambia ndiyo peke yake. Kazi yake ni kukuambia hapana kabla jicho la mtoto halijaambiwa.

Hivyo nilibaki. Nikapika, nikafua, nikashika mwavuli, na vioo nikakatazwa kuvigusa mwaka mzima. Haki yangu.

Kusema mbele za watu kulinikuta. Mwalimu Bundala alikuwa na akili nyingi, lakini alifundisha kama mtu anayesoma wosia. Akifika kwenye mzunguko wa mwezi, nusu ya darasa wamelala na nusu wanawalinda waliolala. Siku moja vumbi likamkausha sauti kabisa. Akaniashiria niwaambie watoto chochote mpaka koo lirudi. Nami nilikuwa nimeshika kiazi, kwa sababu nilikuwa namenya vya mchana. Nikakichomeka kwenye kijiti, nikatoka nao nje kwenye jua la asubuhi.

Nikamwambia binti mmoja, shika mkono umenyooka, kiazi kiwe juu kidogo ya kichwa, geuka polepole. Kiazi kilichomenywa ni cheupe, na jua likikipiga kinakuwa na upande wa mwanga na upande wa kivuli. Akigeuka, anaona kipande chembamba, anageuka anaona nusu, anageuka tena anaona kimejaa. Akapiga ukelele: "Mwezi!"

Nikamwambia, "Umeona? Hakuna anayeula, hakuna anayeutapika. Ni wewe na yeye na jua mmesimama tofauti."

Akaniuliza, "Mama, kumbe mwezi uko mzima siku zote?"

"Mzima kuliko mimi."

Watoto wote wakataka kugeuka na kiazi. Tulipomaliza nikachemsha miezi yote kwenye sufuria moja, tukaila. Ulikuwa mwaka wa njaa, hakuna mtoto aliyesahau somo. Mwalimu Bundala sauti ilirudi mchana, lakini hakuitumia. Aliandika kwenye daftari lake, nikamwomba anisomee. Lilisema: kuanzia leo Mama Kabula aseme, mimi nipige chafya.

Wako wanaoniuliza kesi ngumu ilikuwa ipi. Ngumu haikuwa watoto. Mchungaji mmoja alitaka nimwonyeshe mbingu ya pili iko upande gani, nikamwambia ninayo darubini ya mbingu moja tu, bajeti ndiyo hiyo. Ngumu ilikuwa Usagara, msimu ambao ng'ombe walikuwa wanaanguka njiani kwa ukame. Tulipoteremsha darubini kwenye uwanja, walitoka wazee na fimbo. Aliyetangulia alikuwa mzee mmoja mfupi mwenye sauti ya tarumbeta.

"Hicho kibomba ndicho kinachonyonya mawingu," akasema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kifungeni muondoke."

"Tutaondoka. Kwanza niruhusu nimalize ninachofanya."

Nilikuwa nimeshashika jani, maana siku hizo Mwalimu alishaniachia kazi hiyo. Nikaendelea kuhesabu, mgongo kwao, fimbo ziko nyuma yangu nazisikia zinavyogusana. Nilipofika arobaini nikaligusisha jani mdomoni, baridi. Kisha nikachungulia mimi mwenyewe wa kwanza, nikatoka.

Yule mzee alikuwa ananitazama mdomo. "Kwa nini umeonja?" akaniuliza.

"Ili nikikukaribisha usidhurike."

Akageukia wenzake. Akasema kwa Kisukuma, nami nawapa kwa Kiswahili: "Huyu anaonja kwanza. Mwenye sumu haonji." Maana kwetu pombe hailetwi mbele ya mgeni mpaka mwenye nyumba ameinywa yeye mbele ya macho yako. Asiyeonja, kibuyu chake kinabaki naye. Basi akaniachia fimbo nimshikie, akainama, akachungulia jua. Akakaa muda.

"Lina madoa," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Kama ng'ombe wangu."

"Yule wako wa madoa yuko wapi?"

"Amekufa juzi."

Akainama tena akachungulia mara ya pili, kisha akawaita wajukuu zake mmojammoja kwa majina. Mvua haikunyesha siku ile, wala ile wiki. Lakini hakuna aliyetugusa, na mwaka uliofuata walituma mtu kutuuliza tunarudi lini.

Nimewaambia hayo ili muelewe kwamba jani si kitu cha Mwalimu Bundala tu. Wale wazee walituruhusu kwa sababu ya jani. Cheti cha kiwanda hawakukiomba.

Sasa nifike siku ya kupatwa kwa jua, ambayo Mratibu hapendi niisimulie. Mratibu ndiye mkuu wetu wa kituo, alikuja kijana, suti imepigwa pasi, kiatu unaweza kujitazama. Mama yangu angempenda. Wakati huo Mwalimu Bundala alikuwa amelala nyumbani, kifua kimemkamata, na mimi ndiye nilikuwa nasimama kwenye darubini. Mratibu alikuwa ameleta kichujio kipya. Kilikuwa cheusi ti, kimefungwa kwenye karatasi laini kama pipi. Nikakikagua: hakina mkwaruzo, hakina tundu. Nikasema hiki ni kizuri. Nasema ukweli, hata mimi nilikipenda.

Tulikwenda shule moja iliyoko ufukweni, yenye mawe makubwa nyuma na ziwa mbele. Watoto wote wa shule ile walikuwa uwanjani, na wazazi wao, na mgeni rasmi ambaye alichelewa mpaka jua likaanza kumegwa bila yeye. Alipofika, jua lilikuwa limeshaliwa upande kama chapati. Mratibu akaja mbio.

"Mama, mheshimiwa achungulie haraka tumpige picha, halafu watoto waanze."

Nilikuwa nimesimama na jani, nimefika sita.

"Kumi," nikasema, nilipofika kumi.

"Mama, imetosha. Kichujio ni kipya."

"Kumi na moja."

"Mama Kabula, jua linaondoka!"

"Linarudi kila siku. Kumi na mbili."

Mgeni rasmi akauliza, "Huyu mama ni nani?"

"Ni mpishi wetu, mheshimiwa," Mratibu akajibu, na jasho linamtoka.

"Mpishi ndiye ananizuia?"

Hapo Mratibu akanisogelea sikioni, akaniambia nisipoondoka pale sasa hivi, kesho nisije kazini. Nilikuwa na wajukuu wawili nyumbani wanaokula kwa mikono yangu. Nyuma ya mheshimiwa niliona mstari wa watoto, wa kwanza kabisa ni binti wa darasa la pili amejitia mate kwenye nyusi apendeze kwenye darubini. Miguu yangu ilitaka kupisha, nisiwadanganye. Lakini mdomo ulishasema kabla ya miguu:

"Jani halijasema, sipishi mtu."

Nikaendelea. Ishirini. Ishirini na tano. Nikaanza kujiambia kwamba nimejiaibisha, jani limetulia kama limelala. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Ukingo ukaanza kuwa mweusi, polepole, kama ugali unaoshika chini. Kisha uzi mmoja wa moshi ukapanda.

Yule binti wa mate akapayuka, "Jani linavuta sigara!"

Kumbe kichujio kile kilikuwa cha wapiga picha, cha kupunguza mwanga tu. Kinafanya giza la kumdanganya mtu, lakini joto linapita kama limekaribishwa. Ungechungulia, ungeona jua zuri, jeusi kidogo, la kupendeza, ungekaa hapo. Na watoto wote wale nyuma yako.

Mgeni rasmi alilitazama jani, akanitazama, akajishika jicho lake la kulia kwa kidole kuhakikisha lipo. Akasema kwa sauti ndogo, "Sasa mama, tunafanyaje?"

Nikamwambia, "Vua koti, mheshimiwa."

Mwalimu Bundala alikuwa amenifundisha njia nyingine: unaondoa kichujio, hakuna anayesogeza uso, unaacha darubini iteme jua juu ya kitu cheupe hatua moja na nusu nyuma. Kitambaa chetu cheupe kilikuwa kimesahaulika kituoni, na aliyekisahau ni mimi. Pale uwanjani, kitu cheupe kikubwa kuliko vyote kilikuwa shati la mgeni rasmi. Alikuwa na tumbo la kutosha jua na sayari kadhaa. Akasimama. Walimu wawili wakashika miavuli kumtia kivuli, wengine wakashikana mikono kuzuia watoto wasisogelee bomba, nami nikaizungusha darubini mpaka picha ikatulia: jua la duara juu ya kitovu cha mheshimiwa, limemegwa kipande.

Watoto wakapita wote, mmojammoja. "Mheshimiwa, usipumue, jua linatikisika!" wakamwambia. Akajizuia kupumua. Namsifu kwa hilo, ni kiongozi wa kwanza niliyemwona akifanya kazi kwa saa nzima mbele za watu.

Kesho yake nilikwenda kazini, na Mratibu hakunifukuza. Aliniandikia barua ya onyo kwa kutomheshimu mgeni. Karatasi yake ilikuwa nzuri, nene, mpaka leo nafungia majani ndani yake yasipate unyevu.

Jioni ya siku ile ya tumbo nilipitia kwa Mwalimu Bundala. Alikuwa kitandani, mwili umebaki mifupa na kikohozi.

"Jani lilisemaje?" akaniuliza, hata salamu hakunipa.

"Limevuta sigara."

Alicheka mpaka mkewe akaja kuniambia nitamuua. Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa lile kopo lake la pili, akaniwekea kiganjani. Muda wote huo nilikuwa natumia mfuko wa plastiki kama mchuuzi wa njugu. Akaniambia, "Wakikuambia ni ushamba, waambie ndiyo. Kisha wahesabie." Alikufa kabla mvua za masika hazijaisha. Tulimzika mchana, jua kali, na mimi nilisimama nimeligeuzia mgongo.

Miaka iliyofuata mnaijua, wengi wenu mlikuwepo. Vichujio vikaja vingine, vizuri kweli, vina muhuri na cheti. Nikaanza kuitwa Bibi. Nikapata mjukuu wa tatu, Nkamba, mtoto wa Kabula wangu, ambaye ana miaka tisa na anajua miezi ya sayari ya Mshtarii kuliko anavyojua shangazi zake. Nikimtaja najisikia kifua kinafura kama chura, na sitaki mtu anipunguzie. Halafu wafadhili wakaja, wakaniona na kopo na jani, wakapiga picha, na Mratibu akaona picha ile akaumwa tumbo. "Bibi, inaonekana kama uganga," akaniambia. "Tuna vyeti sasa." Yustina naye akasema kwa heshima, kwa sababu ni binti mwenye heshima, kwamba kichujio chenye cheti kikikaguliwa vizuri hakina haja ya jani. Nikamwuliza, cheti kinajua kwamba gari letu limepita mashimo ya barabara ya leo? Cheti kinajua kwamba jana kuna mama mpya wa usafi ameanza kazi, na kwao kuna majivu?

Lakini karatasi ya mistari tisa ikachapwa.

Na sasa siku yenyewe ya kuniaga. Kulikuwa na pilau, soda, na keki yenye picha ya sayari ya Zohali iliyochorwa pete kama mkanda wa suruali. Mratibu alihutubia, akasema mimi nilikuwa nguzo ya kituo. Nikasema nguzo haipewi soda ya moto. Wakacheka. Kisha akatoa ile karatasi niweke sahihi mbele ya wote, kwamba mzee wa darubini anaukabidhi utaratibu mpya kwa vijana. Akaomba na kopo vilevile. "Tutaliweka kwenye kabati la kioo, Bibi, liwe kumbukumbu."

Nikasema tutazungumza baadaye.

Mwisho wa sherehe ulikuwa umepangwa hivi: darubini mpya iko uwanjani, kichujio chenye cheti kimefungwa, na wa kwanza kuchungulia jua ni Nkamba wangu, nami nimemshika bega, wapige picha. Mtoto alikuwa ameahidi darasa lake kuwachorea madoa ya jua aliyoyaona kwa jicho lake mwenyewe. Alikuja na penseli mbili na soksi nyeupe mpya. Na upande wa ziwa wingu lilikuwa linapanda, zito, la mvua ya kweli.

Nikatoa kopo. Nikawapa mgongo.

"Bibi, jamani," Mratibu akasema. "Yustina amekikagua asubuhi."

"Vizuri sana. Moja. Mbili."

"Bibi, leo ni sherehe yako. Wingu hilo, litafunika. Mtoto atakosa."

"Tisa. Kumi."

Nkamba akanishika kanga kwa nyuma. Nilijua ni yeye, ndiye anayevuta upande wa kushoto. "Bibi, fanya haraka. Bibi, niliwaahidi."

Nilifika ishirini. Kivuli cha wingu kilikuwa kimeshafika kwenye ukuta wa jiko langu la zamani. Nikamsikia mtoto anaanza kuvuta kamasi, kilio kiko njiani. Miaka yote hii nimewazuia watoto wa watu, wazee wa watu na mheshimiwa mmoja, lakini sikuwa nimewahi kuvutwa kanga na wangu. Mkono ulitaka kushuka wenyewe.

Ndipo nyuma yangu nikasikia sauti nyingine imeingia, taratibu, ya mwiko mmoja hesabu moja. Ilikuwa ya Yustina. "Ishirini na tatu," akasema. "Ishirini na nne." Sikugeuka kumtazama.

"Bibi," Nkamba akalia sasa, "ni mimi, Bibi. Ni mimi!"

"Nakusikia, mjukuu wangu. Jani halijasema, sipishi mtu."